Kadi ya Juu

Skrini ilizimika kwa mara ya kwanza siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, Shahmir Buriro akiwa anarekebisha rangi ya uso wa bwana harusi. Haikulia wala kutoa cheche. Ilikuwa na picha, kisha ikawa nyeusi tii, huku feni ndani ya kompyuta zikiendelea kuvuma kama nyuki waliochokozwa. Alitikisa waya, akagonga ubavu wa skrini kwa kiganja, mwisho akaizima kompyuta kwa nguvu na kuiwasha upya. Kazi yote aliyoifanya tangu alfajiri ilikuwa imepotea.

Hiyo ilikuwa siku ya tisa mfululizo mji wa Jacobabad, Pakistan, ukiwa juu ya nyuzi arobaini na nane. Wenye uwezo walikuwa wameshapanda milimani, Quetta. Waliobaki walifanya shughuli zao kabla jua halijakomaa, kisha wakajifungia ndani, na barabarani wakabaki punda wa mikokoteni ya maji na watu wanaowaswaga.

Studio ya Shahmir ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Ilikuwa na mlango wa barabarani, wa wateja, na mlango wa nyuma wa kutokea uani. Uani kulikuwa na vyumba viwili: kimoja chake na mkewe Hurmat, kingine cha mama yake, Amma Sabhai. Binti yao Sanam alikuwa ameshapelekwa Quetta kwa mjomba wake Jalal tangu shule zilipofungwa. Hurmat alitaka Amma naye apelekwe. Jalal alishapiga simu mara mbili kusema chumba kipo na kitanda kipo. Mara zote mbili Shahmir alijibu kwamba atampeleka mama yake mwenyewe Jumamosi, akishamaliza kazi ya Wadera, mwinyi wa mashamba.

Kazi yenyewe ilikuwa filamu ya harusi. Wadera Ghaus Dino, ambaye mashamba yake ya mpunga yalianzia mwisho wa mji na hakuna aliyejua yanakoishia, alikuwa amemwoza mwanawe wa kwanza kwa binti wa ukoo waliokuwa wakiuana nao kwa miaka kumi na moja. Ndoa ile ndiyo iliyoizika damu. Ijumaa jioni wazee wa pande zote mbili wangekaa kwenye uwanja wa Wadera, mbele ya kitambaa kikubwa cheupe, waione sherehe yao wenyewe. Shahmir alikuwa ameipiga harusi ile kwa siku saba, kwa kamera za mkononi na ile ya kuruka. Alijua kila uso aliotakiwa kuuonyesha, na dakika ngapi, ili upande mmoja usije ukahesabu na kujiona umepunjwa.

Kila siku, kati ya adhuhuri na alasiri, Lutuf Ali alikuja. Huyu alikuwa msimamizi wa Wadera, mtu mnene mpole, mwenye sauti ya chini kama ya mtu anayezungumza karibu na mtoto aliyelala. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango, akanywa chai, akasema, "Sain anakusalimu. Anauliza tu kama kuna kitu unahitaji." Sain, yaani bwana, ndivyo watu walivyomwita Wadera. Hakuwahi kusema zaidi ya hapo. Lakini Shahmir alimkumbuka mpiga picha aliyekuwa na duka karibu na mnara wa saa, aliyechelewesha harusi ya binti wa Wadera miaka minne iliyopita. Hakuna aliyemgusa. Ila tangu siku ile hakuna mtu aliyempelekea hata picha ya pasipoti, na asubuhi moja watu walikuta kibao cha duka lake kimepakwa chokaa.

Kwa hiyo skrini ilipozimika kwa mara ya pili, kabla hata ya saa kupita, Shahmir aliacha kila kitu. Akampigia simu Ustad Feroz, Karachi.

Feroz ndiye aliyemuuzia kadi za michoro, mbili, zilizokwisha kutumika, nzito kama matofali. Bila kadi hizo kompyuta ingechukua siku tatu kuipika filamu ile. Kupika ndivyo mafundi wa video wanavyokuita kule kuziunganisha picha zote na rangi zote ziwe faili moja. Kwa kadi mbili ingechukua saa saba. Zilikuwa zimechomekwa ndani ya kasha moja juu ya nyingine, na kati yake palipita kidole kimoja tu.

"Waya wa skrini umeuchomeka kadi gani?" Feroz aliuliza.

"Ya juu."

"Basi ugonjwa ndio huo. Ya chini inatema moto, ya juu inauvuta puani. Halafu hiyo hiyo ya juu umeibebesha kazi mbili: ipike na ikuonyeshe picha. Ikizidiwa inajikata, na skrini inaondoka nayo."

Akamwelekeza cha kufanya. Afungue ubavu wa kasha. Azipunguzie kadi umeme, zisile hadi kushiba. Feni aziweke kwenye kasi ya mwisho. Nafasi ya kuzitenganisha hakuna, kwa kuwa kompyuta ile ilikuwa na matundu mawili tu nayo yamebanana. Mwisho, auchomoe waya wa skrini kwenye kadi ya juu na kuuchomeka kwenye ya chini, ambayo ina nafuu. Alimtahadharisha kwamba kila atakapoiwasha, skrini itakaa nyeusi kwa muda, kwa kuwa mashine huamka ikiitafuta kadi ya juu kwanza. Asiingiwe na wasiwasi.

"Ila nisikilize vizuri, Shahmir. Leo skrini ikizimika, unajua kuna shida. Ukishahamisha waya, itakaa inakuchekea tu hata kama ya juu inaungua. Kengele yako itakuwa imekufa. Utakuwa unaikodolea namba ya joto mwenyewe. Ikigusa tisini, simamisha kazi ipoe, kisha uendelee. Usiende hata chooni."

"Sawa, Ustad."

"Na hapo chumbani kuna nyuzi ngapi?"

"Arobaini na tatu."

"Feni haitengenezi baridi, bwana. Inasukuma hewa iliyopo. Tafuta hewa nyingine."

Shahmir alifanya yote aliyoambiwa. Alipoiwasha, skrini ilikaa nyeusi kwa muda wa kuhesabu hadi hamsini, naye akahesabu, jasho likimdondoka kidevuni. Kisha picha ikaja, safi, imetulia. Alipomaliza rangi mchana ule alianza kupika papo hapo. Adhana ya alasiri ilipolia aliinuka akaenda kuswali chumbani kwake, na kwa kuwa alikuwa na mengi ya kuomba, alikawia. Aliporudi skrini ilikuwa inang'aa vilevile alivyoiacha. Ni maneno mawili tu ya rangi nyekundu kwenye kona yaliyomwambia kwamba kazi imekufa. Kadi ya juu ilikuwa imefika tisini na nne ikajitoa, na thelathini na moja kwa mia ya filamu imekwenda na maji.

Ndipo alipoelewa maneno ya Feroz. Asingeweza tena kuondoka mbele ya ile namba.

Usiku hakukuwa na la kufanya, kwa sababu umeme wa mji uliwaka kwa muda wa saa tatu tu kwa siku nzima, na betri za sola zilikuwa zimezeeka. Paneli nne za paa ndizo zilizokuwa tegemeo, na hizo zilihitaji jua. Filamu ingepikwa Alhamisi mchana, joto likiwa limepamba moto, au isipikwe kabisa. Na paneli zile zingeweza kubeba kompyuta, mapangaboi ya dari, na kipoza-hewa kimoja.

Kipoza-hewa chenyewe kilikuwa sanduku kubwa la bati lenye feni ndani na kuta za nyasi zinazolowekwa maji. Kilikuwa kwenye dirisha la Amma Sabhai.

Alhamisi alfajiri Shahmir aliingia chumbani kwa mama yake. Amma alikuwa amekaa kwenye kitanda chake cha kamba, akimenya vitunguu kwa ajili ya mboga ya mchana, kwa sababu hakupenda kukaa bure. Alikuwa na miaka sabini na mbili na alikuwa akimeza vidonge vya presha. Shahmir alimweleza, kwa mzunguko mrefu, mpaka mwenyewe akaona aibu. Mama alimkatiza.

"Chukua, mwanangu. Nimezaliwa hapa. Baba yako alinioa mwezi kama huu, chini ya hema, na hapakuwa na sanduku lolote la upepo."

"Ni hadi saa tisa tu, Amma."

"Hata ikiwa saa kumi."

Hurmat alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Alingoja mpaka wakawa wawili uani, ndipo akasema, kwa sauti ya chini ili mkwewe asisikie.

"Baba Sanam, kwa nini usimlete Amma kwenye hicho chumba chako? Tutaweka kitanda chake kwenye kona. Wote mpate upepo mmoja."

"Na Lutuf Ali akija? Na watu wake? Mama yangu alale miguu nje mbele ya wanaume wa Wadera?"

"Tutatundika shuka."

"Hapana."

"Basi hamishia hiyo mashine chumbani kwake."

Alimjibu kwamba nyaya za sola za huko ni nyembamba, haziwezi kubeba mashine, na kwamba nene haziwezi kufika, jambo ambalo halikuwa kweli kabisa. Zingefika, kwa kazi ya saa mbili. Saa mbili hizo hakuwa nazo, au alijiambia kwamba hana. Hurmat alimtazama, akainua ndoo, akaenda kumwaga maji kwenye sakafu ya Amma ili angalau ipoe.

Saa mbili na nusu asubuhi Shahmir alianza kupika. Kipoza-hewa alikiweka mbali kidogo na kasha, karibu na mlango wa nyuma, ili unyevu usiingie kwenye vyuma. Chumba kilishuka hadi thelathini na tano, na kadi ya juu ikakaa kwenye themanini na tatu. Aliiona namba ile akahisi mabega yake yakilegea kwa mara ya kwanza katika siku mbili. Themanini na tatu. Themanini na nne. Themanini na tatu. Alikunywa chai macho yakiwa pale pale.

Kufikia saa sita jua lilikuwa limesimama juu ya paa na kuta zimeanza kurudisha joto ndani. Namba ikawa themanini na saba. Mara mbili ilifika themanini na tisa, naye akasimamisha kazi, akangoja, akaendelea. Kila alipongoja alisikia, kupitia mlango wa uani, pangaboi la chumba cha mama yake likizunguka kwa mlio wake wa kukwaruza, likikoroga hewa ya moto.

Saa saba Hurmat alikuja amevaa baibui. Maji ya kwenye mtungi yalikuwa ya moto, friji haikuwa na umeme, na Amma alikuwa amekataa kula. Alikuwa anakwenda kwa muuza barafu wa stesheni.

"Kila nusu saa umwangalie," alisema. "Mpe maji hata kama hataki. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nitazame ukinijibu."

Alimtazama. "Nimesikia, Hurmat."

Na kweli, saa saba na nusu alisimamisha kazi akavuka ua mbio, mchanga ukimuunguza kupitia ndala. Amma alikuwa amelala chali, ukingo wa mtandio ukiwa umelowa na kufunikwa usoni. Alikunywa mafunda mawili, akamwambia arudi kwenye kazi yake, kwamba yeye kichwa kinamuuma kidogo tu. Shahmir aliulowesha tena mtandio akarudi. Namba ilikuwa imeshuka hadi themanini na moja. Aliianzisha tena kazi na kuona sitini na sita kwa mia.

Saa nane kasoro dakika tano aliinuka aende tena, na hapo ndipo Lutuf Ali alipofungua mlango wa barabarani. Gari la Wadera lilikuwa limesimama nje, injini ikinguruma, dereva akiwa ndani na vioo vimefungwa. Lutuf alikaa kwenye kiti cha plastiki, akashukuru Mungu kwa ubaridi wa chumba, akajipangusa shingo.

"Sain anakusalimu," alisema. "Wazee wa kule wameshafika. Wamelala kwake."

"Kesho saa sita mchana utaichukua mkononi."

"Sina wasiwasi." Alitabasamu. "Ni kwamba hawa wazee si watu wa kungojeshwa."

Shahmir alirudi kukaa. Namba ilikuwa themanini na nane, na mlango uliofunguliwa ulikuwa umeingiza pumzi ya tanuri. Themanini na tisa. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Themanini na nane. Sabini na moja kwa mia.

Ndipo mama yake alipoita. Halikuwa jina la Shahmir. Aliita, "Rehmat," kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili. Kisha tena, ikipanda kidogo mwishoni: "Rehmat, njoo ufunge mbuzi." Rehmat alikuwa dada wa Amma. Alikuwa amekufa kabla Shahmir hajaoa.

Lutuf Ali aligeuza kichwa. "Mama anaita."

"Anaota," Shahmir alisema. "Mchana huwa anaota."

Aliposema hivyo hakuondoa macho kwenye kona ya skrini. Lutuf alimwangalia yeye, kisha mlango wa nyuma, kisha kikombe chake. Sauti haikuja tena. Shahmir alisikiliza kwa muda, na ule ukimya aliupokea kama ruhusa. Amelala, alijiambia. Ikifika themanini kwa mia nitakwenda. Ilipofika themanini, namba ilikuwa themanini na tisa, akajiambia themanini na tano.

Hurmat alikawia. Barafu ya stesheni ilikuwa imekwisha, ikambidi aende hadi kiwandani kwa bajaji, na kurudi na bonge lililofungwa gunia, likivuja njia nzima. Aliingilia mlango wa uchochoroni, nyuma ya ua. Shahmir alisikia gunia likianguka sakafuni. Halafu mkewe akatokea kwenye mlango wa nyuma wa studio, kichwa wazi, mbele ya mwanamume wa watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane.

"Njoo," alisema.

Amma Sabhai alikuwa ameteremka nusu kitandani, mkono mmoja ukigusa sakafu. Ngozi yake ilikuwa kavu. Hilo ndilo lililomshtua Shahmir kuliko macho yaliyokuwa nusu wazi: katika joto lile, ambamo kila kiumbe kilichuruzika, mama yake hakuwa na hata tone la jasho, na alipomshika bega aliuondoa mkono kama aliyegusa ukuta wa tanuri. Hurmat alikuwa ameshaanza kumpaka barafu shingoni na kwapani, akimwita, "Amma. Amma, nitazame." Amma alisema kitu kuhusu mbuzi. Maneno yalimtoka yamevimba.

Shahmir alisimama. Baadaye, kila alipoukumbuka mchana ule, ni hilo alilolikumbuka: kwamba alisimama tu, na kwamba aliyeingia bila kuitwa, akivua viatu kwenye kizingiti cha wanawake, alikuwa Lutuf Ali.

"Mshike miguu," Lutuf alimwambia. "Gari liko nje na lina baridi."

"Sain hatapenda..."

"Mshike miguu, kaka."

Hapakuwa na njia ya kufika barabarani haraka isipokuwa kupitia studio. Walimbeba Amma kwa shuka, Lutuf kichwani na Shahmir miguuni, Hurmat kando na barafu. Walipoingia katika chumba kile upepo wa kipoza-hewa ukampiga mama usoni, na yeye, ambaye hakuwa ameitika jina lake, aligeuza uso taratibu kuuelekea. Akafunua midomo. Hurmat aliona. Wakampitisha.

Shahmir, akirudi nyuma nyuma kuelekea mlangoni, alijikuta ametupa jicho kwenye skrini. Themanini na sita. Tisini na moja kwa mia. Hakuizima.

Hospitalini kulikuwa na chumba kilichotengwa kwa waliopigwa na joto, vitanda kumi na vinane, wagonjwa wengi zaidi ya vitanda. Muuguzi kijana mwenye mikono ya haraka alimpima Amma na kusema arobaini na moja na nusu. Akaagiza dripu na shuka za maji ya barafu, kisha, kalamu mkononi, akauliza ni tangu saa ngapi mgonjwa aliacha kutoka jasho.

Shahmir hakujua.

"Alikuwa peke yake?"

"Mimi nilikuwepo," Shahmir alisema. "Chumba cha pili."

"Nyumbani kuna kipoza-hewa?"

Hurmat aliinua macho kutoka kwenye mguu wa mkwewe aliokuwa akiupangusa. Alingoja jibu pamoja na muuguzi.

"Kipo," Shahmir alisema.

Muuguzi aliandika. Alipoondoka, Hurmat aliuliza bila kugeuka, "Hakuita? Muda wote ule hakuita?"

"Hakuita," alisema Shahmir.

Magharibi ilipokaribia alirudi nyumbani kuchukua nguo za mama yake na vidonge vyake. Alifungua mlango wa studio akapokewa na ubaridi mtamu, kwa maana jua lilikuwa linazama na kipoza-hewa kilikuwa bado kinavuma. Skrini ilikuwa inang'aa. Kazi ilikuwa imekamilika saa kumi kasoro dakika kumi, bila mtu yeyote wa kuikodolea. Kadi ya juu, ambayo aliambiwa asiiache hata kwenda chooni, ilikuwa imejichunga yenyewe hadi mwisho na sasa imepoa kwenye hamsini na mbili. Aliufungua mwanzo wa filamu. Farasi wa bwana harusi alipita, akirusha vumbi la dhahabu. Hapakuwa na dosari. Shahmir alikaa sakafuni, mgongo ukiegemea kasha lililo wazi, akawa hawezi kulia wala kunyanyuka.

Lakini aliinuka. Aliinakili filamu kwenye diski, na Ijumaa saa sita mchana akamkabidhi Lutuf Ali kwenye lango la hospitali. Lutuf aliuliza hali ya mama, akaitikia kwa kichwa, akaiweka diski mfukoni. Hakumlaumu wala kumpa pole. Jioni ile, watu walisimulia, wazee wa pande zote mbili walikaa hadi mwisho, na mmoja wao alipangusa macho alipoonyeshwa nduguye. Wadera alituma ajrak mpya, shali ya heshima, na salamu kwamba hakuna fundi mwingine atakayegusa harusi ya nyumba yake.

Amma Sabhai alilala hospitali siku kumi na mbili. Figo zilirudi polepole. Ulimi ulirudi nusu. Alitoka akiwa anatembea kwa kushikwa, anasahau jina la kitu akiwa amekishika, na mchana, kila joto lilipopanda, akiogopa kuachwa chumbani. Jalal alishuka na gari kuja kuwachukua Amma na Hurmat.

Asubuhi ya safari Hurmat alifunga mizigo bila haraka. Shahmir alimsaidia kuibeba hadi mlangoni, akisema kwamba atapanda mwisho wa mwezi, kwamba ni wiki chache, na kwamba anapanga kununua paneli nyingine mbili ili kila chumba kiwe na kipoza-hewa chake. Hurmat alimsikiliza mpaka akaishiwa maneno.

"Mke wa Lutuf Ali alikuja hospitali kuniona," alisema. "Siku ya tatu. Mumewe alimwambia kwamba Amma aliita. Mara mbili. Alimwita dada yake."

Shahmir alifungua kinywa.

"Sijakuuliza," Hurmat alisema. "Nilishakuuliza." Akavaa viatu, akaenda kukaa nyuma garini, karibu na mkwewe, akakiweka kichwa cha mama begani kwake.

Msimu wa harusi ulipofunguka baada ya mvua, kazi zilimmiminikia Shahmir kuliko mwaka wowote. Alinunua kasha jipya, pana, ambamo kadi zilikaa mbali mbali, na nyakati nyingine Lutuf Ali alipita akakaa kwenye kiti kile kile cha plastiki, akanywa chai, akaongea mambo ya mpunga. Hakuwahi kuligusia lile. Shahmir alitamani siku moja aliguse, wamalize, lakini kila mara mtu yule alimaliza kikombe, akasema Sain anakusalimu, akatoka.

Hurmat hakusema kwamba ameondoka. Alisema Amma hawezi kuachwa. Mwisho wa mwezi ule waliohama, Shahmir alipanda Quetta, akakaa siku mbili, na Amma alimkaribisha kwa adabu, kama mgeni wa Jalal. Sanam alikuwa ameanza shule huko. Baada ya hapo Shahmir alipiga simu kila Ijumaa baada ya swala.

Ijumaa moja ya baridi aliomba kuzungumza na mama yake.

"Amelala," Hurmat alisema.

Nyuma ya sauti yake, karibu kabisa na simu, Shahmir alimsikia Amma Sabhai akiuliza, taratibu, akilitafuta kila neno, kama chai imebaki. Wote wawili walisikia. Mtu alivuta kiti. Kikombe kiliwekwa mezani.

"Basi," Shahmir alisema, "akiamka umsalimie."

"Nitamsalimia," alisema Hurmat.